Juisi Nyeusi ya Ciru

Becky alikuwa na watoto watatu, kazi ya bima katikati ya jiji, na mume mmoja aitwaye Oduor. Kwa maoni yake, hesabu hiyo ilikuwa imefungwa. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani Kabiria, alimeza kidonge cha kupanga uzazi bila kukosa.

Kisha Ciru, mwenzake wa ofisini, akashukiwa na sayansi. Ilimshukia huko Muthangari, kwenye semina ya wikendi, akarudi akiuza juisi ya makaa, nyeusi tititi.

"Haya si makaa ya kuchoma mahindi, Becky. Yamepitishwa kwenye mvuke mkali mpaka yakajaa vitundu. Sumu yote mwilini inanasa humo, inatoka."

"Sumu gani?"

"Zote tu. Wee kunywa."

Becky akanywa. Tena akawa anateremsha kidonge chake kwa juisi hiyo hiyo, kwani maji ya nini? Meno yakawa kama ya mlamba masizi, lakini Ciru aliapa kwamba ngozi inang'aa.

Becky alipoanza kutapika, Ciru alishangilia. "Si nilikwambia? Sumu hiyo inatoka!"

Sumu hiyo ilikuwa na mapigo ya moyo. Daktari wa kliniki moja karibu na Adams Arcade aliyasikiliza, kisha akauliza Becky anatumia nini. Alipoambiwa, akaguna.

"Makaa hayo tunampa mtu aliyemeza sumu, mama, maana yananasa karibu kila kinachopita tumboni. Hayajui kidonge ni rafiki. Yalikinasa, yakatoka nacho."

"Kumbe yanafanya kazi?"

"Vizuri sana."

Oduor alipopewa habari alicheka hadi akakaa chini. Becky hakucheka. Alimwendea Ciru akiwaka moto, akamweleza yote. Ciru alimsikiliza kwa machozi, akamkumbatia, na kesho yake akabandika tangazo: "Juisi ya makaa hufungua kizazi. Muulize Becky wa bima."

Wanawake wakaja kumuuliza. Becky aliwaeleza ukweli wote, habari za vitundu na kidonge. Walimshukuru kwa heshima, wakaenda kununua.

Mtoto alizaliwa msichana, mzima, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Ciru alifika na zawadi, chupa mbili za juisi yake. Oduor alizipokea kwa adabu, akazimwaga kwenye sinki. Becky akamwekea Ciru mtoto mapajani.

"Mshike vizuri," alisema. "Huyu ni wenu nyote wawili, wewe na makaa yako. Mimi nalala."