Mikono ya Mkataji

Pale kiwandani dada mtu na mdogo wake hawakuhitaji kuongea. Walikunja mashuka ya mahoteli wakiwa wamesimama uso kwa uso. Manati, yule mdogo, alirusha ncha, dada mtu akazidaka, shuka likakunjwa likaenda kwenye rundo, na lingine likafuata. Mashine za kufulia zilinguruma hata usisikie kikohozi chako mwenyewe, kwa hiyo kazi yote ilibaki kwa mikono. Ungeweza kumwita dada mtu pembeni, akageuza uso kukusikiliza, na mikono yake bado ikadaka ncha ya shuka hewani. Wenzake walimtania kwamba hata usingizini anapokea.

Jina la Manati mdogo wake alilipata uwanjani. Kiwanda kilikuwa na timu ya wanawake ya softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo, na kocha alikuwa dereva wa gari la kusambaza mashuka, mtu mwenye maneno mengi kuliko safari zake. Manati alicheza katikati ya uwanja wa nyuma. Mkono wake ulikuwa wa kuogopwa, na mpira ukishamfikia kule nyuma, wakimbiaji wa timu pinzani walifunga breki wenyewe.

Dada mtu alikuwa mkataji. Hiyo ni kazi isiyo na makofi. Mpira ukipigwa mbali, mkataji hukimbilia kati ya mlinzi wa nyuma na nyumbani, pale wakimbiaji wanapomalizia mbio zao kupata pointi, akainua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi. Akirushiwa, anadaka, anageuka na kuumalizia mpira nyumbani. Lakini kama mpira unaweza kufika wenyewe, anauacha upite. Anayeamua ni mdakaji wa nyumbani, kwa sababu ndiye anayeona kila kitu. Akisema "kata", mkataji anadaka. Akinyamaza, mkataji anauacha. Mdakaji wao alikuwa Mama Mapacha wa chumba cha pasi, na sauti yake haikuhitaji kipaza.

Kocha alilifundisha jambo hilo kwa vikombe vya chai. Mpira ukiwa mbali sana, alisema akisogeza vikombe mezani, mpe mkataji. Mkiwa mnaongoza vizuri, mpe mkataji, ili hata aliyeupiga asijisogeze kituo cha mbele. Ila kama mpira uko karibu, na anayekimbia nyumbani ndiye anayemaliza mechi, usimtafute mtu. Rusha nyumbani kwa nguvu zako zote, kwa sababu kusimama kwa mkataji kunakula ule muda mdogo uliobaki.

Halafu bega la Manati likaanza kumuuma, akajitia hamnazo mpaka siku aliposhindwa kuvua blauzi. Daktari aliwaonyesha picha. Kano ya bega ilikuwa imechanika, imebaki uzi tu, na mrusho mmoja wa nguvu ungeumaliza huo uzi. Likitokea hilo, alisema, mkono hautapanda tena juu ya kifua. Manati aliuliza kama anaweza kucheza fainali kwanza. Daktari alimtazama dada mtu, kama watu wote wanavyomtazama dada mtu pale mdogo wake anapokuwa kichwa ngumu.

Dada mtu alimsihi na akamfokea. Alimkumbusha kuwa ana binti anayesukwa nywele kila Jumapili, na kwamba kamba za kuanikia pale kiwandani ziko juu ya kichwa. Alikwenda mpaka kwa kocha, naye akakuna kidevu na kusema hana mwingine wa kumweka katikati. Mwishoni, alipoona hana la kufanya, dada mtu alikubali kwa sharti moja. Kila mpira Manati atampa yeye, mrusho mfupi wa chini, hata kama vikombe vya kocha vinasema vingine. Yatakayobaki atayamaliza yeye dada mtu. Manati alikubali haraka mno, na dada mtu hakuipenda haraka ile.

Siku ya fainali Manati alitimiza neno lake. Mpira ukija nyuma aliuokota, akausukuma kwa mkono wa chini mpaka kwa dada yake, na dada mtu akaumalizia. Watu wa upande wa pili hawakuchelewa kushtuka. Mwelekezaji wao alianza kuwapungia wakimbiaji wasisimame, na walichuma pointi ambazo zamani wasingethubutu hata kuziota. Jukwaani mtu mmoja alisema manati imekatika mpira, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Manati alikuwa anatazama nyasi. Dada mtu alisikia aibu ya mdogo wake kifuani mwake, na asingeweza kuwajibu wale watu bila kuifichua siri ile ya bega.

Wakafika zamu ya mwisho wakiwa sawa. Wapinzani ndio waliokuwa wanapiga, na mmoja wao alisimama kituo cha pili. Huyo akifika nyumbani, mechi imekwisha. Dada mtu alijua vikombe vinasema nini. Aligeuka akamtazama Manati na kujigonga kifuani, maana yake nipe mimi. Manati aliitikia kwa kichwa.

Mpira ulipigwa ukapita juu ya vichwa vya walinzi wa mbele, ukadunda mbele ya Manati, si mbali. Mkimbiaji akachomoka. Dada mtu alikimbilia mahali pake akainua mikono na kuita, "Hapa, nipe hapa." Manati aliuokota huku anakimbia. Akapiga hatua ile ndogo ya kujiweka sawa, ambayo mtu haipigi kwa mrusho wa chini, na kiwiko kikapanda nyuma ya sikio.

"Usirushe," dada mtu alisema, na alijua kwamba neno hilo halifiki popote. Alikuwa amesimama mikono juu mbele ya jambo aliloliomba lisitokee wiki nzima, na mikono ile haikuwa na msaada wowote kwa mtu yeyote.

Mpira ulikuja umenyooka, usawa wa kichwa chake, ule wa zamani. Nyuma yake Mama Mapacha hakusema kitu. Mama Mapacha, anayesikika mpaka getini mashine zikiwa zinanguruma, alikuwa kimya. Dada mtu aliusikia ukimya ule na aliuelewa. Aliuelewa kabisa, lakini macho yake yalikuwa kwa Manati, aliyekuwa anainama huku ameshika bega, na mikono ikafanya kazi yake ya kila siku. Kitu kilitoka kwa mdogo wake, ikakidaka.

Alihisi uzito wa mpira ndani ya glavu kabla hajaamini. Aligeuka, akarusha kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na Mama Mapacha akaupokea wakati mkimbiaji amekwisha kukanyaga nyumbani na wenzake wamemrukia. Mama Mapacha alibaki na mpira mkononi, akimtazama dada mtu bila hasira. Afadhali angekasirika.

Dada mtu alitembea kwenda kule nyuma. Manati alikuwa amekaa kwenye nyasi, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa kuushika. Uso ulikuwa umelowa jasho. Dada mtu alipiga magoti mbele yake.

"Dada," Manati alisema, "mpira ulikuwa unafika?"

Dada mtu alimwambia usingefika. Alimwambia mkimbiaji alikuwa na mbio, mpira ulianza kupoteza nguvu, ndiyo maana ameukata. Alisema mengi, na kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ndogo. Manati alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Mapacha alikuwa kimya," akasema.

Dada mtu alifunika uso kwa glavu. Ilikuwa bado na joto la mpira ule, au yeye ndiye aliyedhani hivyo. Akalia waziwazi, mtu mzima, jukwaa zima likiona.

"Ulikuwa unafika," alisema hatimaye. "Ulikuwa unafika vizuri. Mimi ndiye nimeudaka."

Manati aliitikia kwa kichwa taratibu. Akajaribu kuinua mkono wa kulia ili avue glavu yake ya kushoto. Mkono haukwenda. Akajaribu tena, akiutazama, kisha akaacha na kumnyooshea dada yake mkono wenye glavu.

"Nivue," alisema. "Halafu uniambie Jumapili mtoto nitamsukaje."

Dada mtu alishika vidole vya ile glavu akavuta.