Basi la Waliozidi

Jaji wa shirikisho alisema jela ya jiji letu isizidi watu mia tano. Mahabusu wa makosa madogo waachiwe, wakangoje kesi nyumbani. Amri hiyo hata mtoto angeielewa. Lakini meya aliogopa magazeti yasije yakaandika kwamba amefungulia wahalifu, kwa hiyo Kapteni Haskell, mkuu wa jela, akabuni hila yake: mkaguzi wa mahakama akija kuhesabu, waliozidi wanapakiwa kwenye basi na kuzungushwa mjini mpaka aondoke.

Siku ile ya Julai dereva hakuja, usukani nikapewa mimi.

"Sajini Gaddis, chukulia unawapeleka watoto pikiniki," Kapteni alisema.

"Watoto wangu huwa nawafungulia madirisha."

Madirisha ya basi lile yalichomelewa yasifunguke. Ndani walijaa wanaume thelathini na kitu, wamegandana mabega kwa jasho. Miongoni mwao alikuwamo Cedric Mabry, kijana wa miaka ishirini, aliyekamatwa kwa kulala kwenye jengo tupu. Ana kisukari. Asubuhi alidungwa insulini, na asipokula mchana sukari inashuka. Jela nzima inajua. Trei yake ya chakula ndiyo hutangulia. Haskell anajua pia.

Saa saba ikapita tukiwa bado tunazunguka. Otis, jitu la miraba minne, akapiga wavu wa chuma uliotenga kiti changu na chao.

"Mama Gaddis! Dogo anatetemeka!"

"Otis, leo sitaki utani."

"Utani gani, na jasho lake linanilowesha mimi?"

Nikaegesha. Nilikuwa na chupa ya chai baridi, sukari tele, nikampa Otis kupitia kidirisha cha wavu amnyweshe. Nyingi iliishia kidevuni. Cedric alinitazama, akaniuliza, kama mtu anayeweweseka, iwapo shule imeshafungwa.

Nikashika redio. "Kapteni, Mabry anazimia. Namrudisha."

"Bado tunakula kambare na mkaguzi. Zunguka tena."

"Atakufa, bwana!"

"Hao kila siku wanakufa. Zunguka. Hiyo ni amri."

Amri! Ya jaji kaifanya mkeka wa kufutia miguu, yake ndiyo tuisujudie. Mwanawe angekuwa kwenye kiti kile, kambare angemshuka kooni?

Niligeuza basi. Sikwenda geti la nyuma. Nilipanda mpaka mlango mkuu, nikabana honi na sikuiachia.

Mkaguzi, Bwana Teague, alitoka na kitambaa cha mezani kikiwa bado shingoni. Haskell nyuma yake, mwekundu kama pilipili.

"Hawa ni akina nani?" Teague akauliza.

"Mahabusu wako. Walifichwa ili usiwahesabu. Lakini kwanza nesi, sasa hivi!"

"Lete funguo, Gaddis," Haskell akasema. "Kazi huna tena."

"Utazipata Mabry akishafika kwa nesi. Ukizitaka kabla, njoo uzichukue."

Hakuja. Machela ilikuja, nikaifungulia mlango wa basi. Teague akatoa kalamu, akamwambia Haskell asogee, na kabla hajauliza lolote Otis akapenyeza vidole kwenye wavu na kunguruma:

"Moja!"

"Mbili!" akadakia wa pili.

"Tatu! Na njaa tunayo!"

Walihesabiana hivyo mpaka kiti cha mwisho, sauti zikigonga kuta za jela. Kilibaki kiti kimoja kitupu.

Cedric alikuwa kwenye machela, nesi anampaka sukari kwenye ufizi. Hakuweza kutaja namba yake. Nikamhesabu mimi, kwa sauti, nikimtazama Haskell machoni.