Kiwanja cha Jumapili

Kampuni ile ya kuuza viwanja ilikuwa na basi dogo jeupe, na basi hilo lilipanda kilima cha Giheke kila Jumapili saa tatu asubuhi. Jumapili tu. Sisi Waislamu wa mji wa Kamembe, huku Rwanda, hatukuona kitu cha kuuliza hapo. Jumapili hatuna ibada ya pamoja, soko limepoa, na kiti kilikuwa cha bure. Mama alipewa kiti cha mbele.

Mama yangu ni Mwavita, muuza vitenge soko la Kamembe kwa miaka ishirini na miwili. Akiletewa kitambaa kipya hulowesha kidole gumba kwa mate, anasugua pembe ya kitambaa, kisha anatazama kidole. Rangi ikitoka, mwenye mali anaondoka na mali yake. Nimemwona akiwafukuza watu wazima wenye suti kwa kidole hicho kimoja. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba mama alidanganyika kwa sababu ni mjinga. Alidanganyika kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakasoma kalenda yetu ya ibada.

Jumapili ile alirudi amechangamka kama bi harusi. Alionyeshwa kiwanja kilichozungushiwa miyenzi, ile miti yenye utomvu mweupe ambayo watu wa vilimani huipanda kwenye mipaka ya mashamba. Utulivu mtupu, alisema, hakuna hata mtu mmoja wa kukusumbua. Kampuni ingemjengea vyumba vinne vya kupangisha. Miguu yake ilikuwa inavimba kwa kusimama sokoni, na kodi ya vyumba vinne ingempa ruhusa ya kukaa. Malipo ya kushikia kiwanja alikuwa ameshatoa. Yaliyobaki yangetoka kwenye kibanda chake chenyewe cha sokoni: Bernadette, mfanyabiashara wa Bukavu, alikuwa tayari kukinunua mara tu mama atakaposema neno. Siku ya kusaini ilikuwa Jumatano.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yangu iko Gihundwe. Nilimwahidi geti. Na kwa kuwa fundi hakati chuma kabla ya kupima, Jumanne nilichukua futi yangu na karatasi ya kiwanja aliyopewa mama, nikapanda pikipiki hadi Giheke, mahali aliponielekeza.

Kiwanja kilikuwa na mtu. Mwanamke wa umri wa mama alikuwa katikati yake anapalilia maharage. Nilimsalimia, nikakunjua futi, nikaanza kupima upande wa barabara. Aliniacha nipime mpaka mwisho, kisha akaja na jembe begani.

"Unapima nini, kijana?"

"Geti, Mama."

"La nani?"

"La mama yangu. Amenunua hapa."

Alitazama maharage yake, akanitazama mimi. "Basi mwambie yamebaki wiki tatu. Asije akayala mabichi."

Aliitwa Nyirahabimana. Shamba aliachiwa na mumewe, na hati alikuwa nayo nyumbani, imefungwa kwenye nailoni. Alinieleza kwamba kwa mwezi mzima sasa, kila akitoka Misa Jumapili anakuta vijiti vya miyenzi vimechomekwa shambani mwake. Aliving'oa, Jumapili iliyofuata vikarudi. Alidhani ni utundu wa watoto. Vya juzi alikuwa hajavimaliza, na akanielekeza nivute kimoja. Kilitoka kama kisu kwenye parachichi. Chini hakikuwa na mzizi hata mmoja, ni alama ya panga tu.

Nikamuuliza kama majirani hawajawahi kuwaona watu wa kampuni. Akacheka. Jumapili saa tatu, alisema, kwenye kilima hiki hata mbuzi wanabaki peke yao, wote tuko kanisani.

Nilisimama pale na kijiti mkononi. Utulivu ule mama alioupenda ulikuwa umepangwa. Walitafuta watu wasioenda kanisani, wakawapeleka kwa watu walioko kanisani, ili wenye shamba na wanunuzi wasionane kamwe.

Nyirahabimana alinawa miguu, akachukua hati yake, tukaenda ofisi ya sekta, ile ya serikali ya eneo. Afisa wa ardhi aliandika kwenye kompyuta namba ya kiwanja iliyokuwa kwenye karatasi ya mama. Kiwanja cha namba ile kiko Rwimbogo, bondeni, mali ya mtu anayeitwa Harelimana, wala hakiuzwi. Jibu lilitoka kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Lingetoka vilevile kwa mama, kama angefika pale na karatasi yake. Lakini Muhigirwa, muuzaji wa kampuni, aliwaambia wateja wake kwamba sekta kuna foleni ndefu, kwamba mambo ya notari, ya kuthibitisha hati, kampuni itawashughulikia, na kwamba majirani wa kilimani wana wivu, hawafai kuulizwa.

Nilifika nyumbani nikipiga kelele, na hapo nikakosea. Mama alijifunga kama duka. Alisema namtaka abaki sokoni mpaka afie pale.

"Muhigirwa ananiita Maman, na kila akipiga simu anauliza miguu yangu," alisema. "Weye uliuliza miguu yangu lini?"

Niliweka kile kijiti mezani. Alikichukua, akakigeuza, akapitisha kidole gumba pale kilipokatwa na panga. Akatazama kidole. Kisha akaenda kutawadha.

Jumatano tulikwenda pamoja. Ofisi ya kampuni ilikuwa na zulia jipya na picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja wengine sita. Muhigirwa aliinuka, akasema asalam aleikum kwa ufasaha, akauliza miguu, akaweka karatasi na kalamu. Mama alikaa. Alisema yuko tayari, ila anaomba akione kiwanja mara moja tena, kesho Alhamisi.

"Alhamisi basi haiko, Maman. Tungoje Jumapili."

"Nitalipa pikipiki mwenyewe. Ao Ijumaa?"

"Jumapili ni nzuri zaidi. Kuna utulivu."

"Najua," mama alisema. "Batu bote bako ku Misa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kumwambia mtu kwamba rangi imetoka. Muhigirwa akairudisha kalamu mfukoni. Mama akaomba malipo yake ya kushikia kiwanja. Akajibiwa kwamba hayarudishwi, imeandikwa kwenye mkataba, kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo kama mchanga. Hayajarudi hadi leo. Kibanda tu ndicho kilichopona.

Niligeukia benchi, nikawaeleza wale sita kila kitu. Wawili walisimama. Mzee mmoja aliniomba nipunguze sauti. Yeye alikuwa amelipa pesa zote, na hakutaka kusikia. Uso wa mzee yule bado unanirudia ninapochomelea.

Tulishtaki kwa polisi, wakaandika maelezo. Jumapili ikafika, na basi likajaa tena.

Safari hii, kwa makubaliano na mama, Nyirahabimana alikwenda Misa ya kwanza, ya alfajiri, ili saa tatu awe shambani. Mama alipanda pikipiki na kigoda chake. Saa tatu nilikuwa nimesimama nyuma yao, wao wamekaa bega kwa bega katikati ya maharage, mmoja na jembe, mwingine na mtandio. Basi lilisimama chini ya mteremko. Dereva alitangulia kupanda, panga mkononi na tita la miyenzi kwapani, wateja wakimfuata kwa mbali kidogo, Muhigirwa akiwaongoza. Dereva alipotuona alisimama.

"Lete hapa, baba," mama alimwambia, akinyoosha mkono. "Lete, na hao nyuma yako basogee. Tuone mizizi."