Hosta Kwenye Friji ya Soda

Mbodze, mfanyakazi wa nyumbani, aliapa kwa kinywa chake mwenyewe, wala hakuna aliyemlazimisha. "Nenda kwa amani, Mama Gillian. Ua la mamako nitalitunza kama mwanangu wa kumzaa." Tajiri wake akapanda ndege kwenda Uingereza kumzika mamake na kuiuza nyumba yake, akaiacha bustani ya Diani, na kivulini chini ya mkwaju ile hosta ya kwenye chungu, ua la nchi za baridi, majani mapana ya kijani yenye ukingo mweupe. Ilikatwa kwenye bustani ya marehemu, na huku pwani kipande kingine hakuna.

Wiki ya tatu majani yakanywea. Mbodze akasema ni kiu. Mtu wa pwani akiona jani limelegea, afanye nini jingine? Akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, na kadiri alivyomwagilia ndivyo yalivyooza, hata kikabaki chungu cha udongo. Lo! Alikaa kwenye ngazi za jikoni akalia kweli kweli.

Dishon, mpishi wa bara, kutoka Kinangop kwenye baridi, akatoka, akafukua kwa kidole. "Hii haijakufa, dada. Iko na jicho la kuchipua, gusa, bado ni gumu. Joto ndiyo imeichosha. Wacha ipate baridi, ilale."

Akaziondoa soda zote kwenye friji, akakiweka chungu humo wiki nane. Fondo, askari wa getini, akaja juu. "Tangu lini udongo ukakaa kwenye friji, binadamu akanywa soda ya moto?"

"Kunywa maji," Dishon akamjibu.

Wakakirudisha chungu kivulini. Siku sita, kimya. Siku ya saba Mama Gillian akarejea, amekonda, akaenda moja kwa moja mkwajuni. Mbodze akamfuata. Alhamdulillahi! Udongo ulikuwa umepasuka, na jani moja limechomoza, limejiviringa, na mstari mweupe pembeni.

Angeweza kunyamaza, sifa zote ziwe zake. Hakunyamaza. "Mimi nililiua kwa maji, mama. Aliyeliokoa ni Dishon."

Mama Gillian akaingia jikoni, akamshika Dishon mikono yote miwili, ingali na unga. "Nyumba ya mama imeshauzwa," akasema huku analia. "Hili ndilo lililobaki. Asanteni, wanangu. Mungu awalipe."

Tangu siku hiyo Mbodze humwita Dishon kaka, na ole wake amsemaye vibaya mtu wa bara mbele yake.