Mwezi wa Kutoonja

Ukitaka kutega kitendawili cha vita isiyo na bunduki, tega hivi: jiko moja, mawifi wawili. Jibu usilihangaikie, litasikika lenyewe mpaka barabarani.

Mkubwa wao majirani walimwita Tanuri. Walimwita hivyo kwa kazi yake ya kuoka keki za kuuza, na pia kwa hasira zake, ambazo hazikuhitaji kiberiti. Ndoa ilipomshinda alirudi kwa kaka yake, fundi wa mafriji, akiwa na sanduku la nguo na oveni yake ya umeme aliyoifunika blanketi kama mgonjwa. Kaka akasema karibu dada. Mke wa kaka naye alisema karibu, ila alilisema kwa meno. Oveni ikawekwa jikoni, ikala meza karibu yote, na tangu siku hiyo mke mwenye nyumba akawa anakatia vitunguu mapajani.

Kutwa waliitana "wifi", na kila mmoja alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu.

Mwaka mpya ulipoingia, Wifi, yule mke wa kaka, akaja na jambo alilolitoa kwenye simu yake. Alilitua mezani wakati wa chai.

"Nyumba hii tunaingia changamoto ya afya. Mwezi mzima. Kila siku kutembea alfajiri, maji ya kutosha, kulala mapema. Na sukari marufuku. Hata chembe isiguse ulimi."

"Sukari?" Kaka aliuliza, kikombe kikiwa kimemgandia mkononi.

"Daktari alikwambia nini juu ya hilo tumbo?"

Kaka akakitua kikombe polepole.

Tanuri akacheka, lakini si cheko la furaha. "Sema unataka nihame, wifi. Usimsingizie daktari wa watu."

"Nani kakutaja? Umejishuku mwenyewe. Ila kweli, wewe huwezi. Ulimi wako unalala bakulini."

"Mimi siwezi?"

"Huwezi. Tena tuwekeane. Kati ya mimi na wewe, atakayeonja sukari kwanza aachie jiko. Moja kwa moja. Yeye na mitambo yake."

Tanuri aliuona mtego ule, wala haukuwa umefichwa. Hajawahi kuoka keki bila kuchovya kidole cha mwisho bakulini na kuonja. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo mkono wake ulivyozoea. Na jikoni humo ndimo riziki yake ilimokuwa. Bila jiko, ile oveni ilikuwa sanduku la bati tu. Lakini mdomo ukamtangulia.

"Nimekubali. Kaka, wewe ni shahidi."

Shahidi aliangalia mlango, akatamani angekuwa upande wa pili.

Basi wakaanza. Alfajiri walitoka kutembea, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kukiona kisogo cha mwenzake, kutembea kukawa kutimka. Siku ya kwanza mwenye kibanda cha vocha alifunga dirisha lake haraka, akidhani mwizi anafukuzwa. Maji waliyanywa wakitazamana, glasi kwa glasi, kisha wakagombea mlango wa choo. Kila Tanuri alipotoka jikoni alimkuta Wifi anamngoja koridoni.

"Fungua mdomo."

"Fungua wako kwanza, tuone kama bado una ulimi wa mtu au wa nyoka."

Tanuri akawa anaoka kwa macho na pua tu. Keki zilitoka, wateja hawakulalamika, lakini yeye alikonda kwa wasiwasi zaidi kuliko kwa kukosa sukari. Kila keki ilipoondoka mlangoni alijiona kama mtu anayevuka barabara amefumba macho.

Ndipo ikaja oda ya mama mwenye ukumbi. Huyu mama ndiye aliyekuwa akikodisha ukumbi wa harusi wa mtaa mzima, na sasa alikuwa anamwoza bintiye. Alitaka keki ya ngazi tatu. Aliagiza kwa simu, na kabla hajakata akaongeza: "Ikinipendeza, kila bibi harusi atakayekuja kwangu nitamleta kwako. Isiponipendeza, pia nitawaambia."

Asubuhi ya siku ya harusi Tanuri aliingia jikoni na siagi yake. Wifi alikuwa ameshafika, ameegemea fremu ya mlango.

"Leo utaonja tu," Wifi akasema. "Kazi kubwa hivi, utaweza kujizuia?"

"Nenda kalale, wifi. Umekonda mpaka maneno yako yamekonda."

"Bora mimi niliyekonda mwili, kuliko aliyekondesha nyumba ya watu."

Tanuri akafungua kopo lake la sukari na kumimina bakulini, macho yake yamemkodolea Wifi, hakuangalia kinachomiminika. Akashika mwiko, akaanza kupiga.

Siagi ikipigwa na sukari hujaa hewa, ikawa laini, ikageuka nyeupe. Hii haikugeuka. Ilikwaruza chini ya mwiko kama mchanga, na pembeni ikaanza kutoa machozi. Akapiga tena, kwa nguvu. Ikazidi kulia.

Akainua macho. Wifi alikuwa pale pale mlangoni, mikono kifuani, kimya. Na Wifi kukaa kimya lilikuwa jambo la kutisha kuliko matusi yake yote.

Akiionja, jiko limekwenda. Asipoionja, mama mwenye ukumbi ataiuma mbele ya wageni wote, na hapo riziki imekwenda. Kuimwaga na kuanza upya? Aanze na nini, ikiwa hajui kibaya ni siagi, ni kopo, au ni mkono wake mwenyewe?

Akachovya kidole, akakitia mdomoni.

"Ameonja!" Wifi akapiga makofi. "Mume wangu, njoo! Dada yako ameonja! Wifi, toa hilo dude lako jikoni kwangu leo hii!"

Kaka akatokea, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi. Tanuri alikuwa amefumba macho, uso wote umejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Akameza kwa shida, akasema taratibu:

"Kitendawili."

"Sina muda wa vitendawili," Wifi akasema.

"Tega," Kaka akaitikia, maana alilelewa hivyo.

"Nyeupe kama sukari, imelala kwenye kopo la sukari, lakini nyuki hawaijui, wanaijua samaki."

Kaka akafikiri. "Chumvi?"

"Njoo uhakikishe."

Kaka akachovya, akaonja, akakimbilia kwenye sinki kutema.

"Changamoto yako ilikataza sukari, wifi," Tanuri akasema. "Mimi sijaonja sukari. Sasa niambie, nani alijaza kopo langu?"

Kaka akamtazama mkewe. Mkewe hakuinamisha uso.

"Mimi. Na ningeiona sabuni ya unga karibu ningetia hiyo hiyo."

"Mke wangu..."

"Nyamaza! Ungesema siku ile oveni inaingia. Mashuka yangu yananuka vanila. Nikitaka kuchemsha maji ya kunywa, mpaka keki za watu zipoe. Nakata vitunguu mapajani kama mpangaji ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja. Hata moja!"

Mwiko ulikuwa bado mkononi mwa Tanuri. Alikuwa na maneno, tena makali, yamejipanga mdomoni. Lakini macho yake yakaenda kwenye ile meza, yakaona kweli haina nafasi hata ya kisu.

"Kaka, kimbia dukani. Sukari na siagi." Kisha akamgeukia Wifi. "Kuanzia kesho, asubuhi jiko lako mpaka adhuhuri. Sikanyagi. Si kwa huruma, ni kwamba sitaki kukuona."

"Na hilo dude litoke mezani kwangu."

"Litakaa chini ya dirisha."

"Ukizidisha hata dakika, natia chumvi tena."

"Ukitia, nakuoka wewe."

Kaka akarudi anahema. Safari hii Tanuri alimimina akiangalia. Akapiga, na siagi ikageuka nyeupe kama inavyotakiwa. Kaka akanyoosha kidole aonje, na mawifi wote wawili wakamchapa mkono kwa pamoja. Wakatazamana, wakachukia kwamba wamefanya jambo pamoja.

Mchana gari la mama mwenye ukumbi likapiga honi nje. Keki ile ilikuwa nzito, na Kaka hakuaminiwa. Ikatoka mlangoni imebebwa na mawifi wawili, kila mmoja na upande wake, wakienda hatua kwa hatua na kutukanana kwa sauti ya chini kabisa, ili krimu isitikisike.