Mistari Saba Kichwani

Kitu cha kwanza Kimya alichokiona hakikuwa uso wa mteja. Zilikuwa nywele za juu ya sikio la kushoto: fupi, zimekatikakatika, kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Za kulia zilikuwa nzima.

Mteja alikaa, akatandaza makaratasi mapajani. Alikuwa mwanachuo wa ualimu, na mtihani wa historia ya Ulaya na Amerika ulikuwa umebakiza siku mbili. Mara mbili ameshaufeli.

"Nikianguka tena, chuo wananifukuza," alimwambia shangazi, mwenye saluni.

"Na hayo ya Wazungu yanakuhusu nini, mwanangu?"

"Ndiyo nitakayofundisha, shangazi."

Kimya, msusi wa pale, alikuwa mpwa wa shangazi huyo, naye ndiye aliyempa jina hilo, maana maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kisoda. Akachukua chanuo. Mwanachuo alikuwa akijiuliza mwenyewe:

"Vita Kuu ya Kwanza ilianza... ilianza..."

Mkono ukapanda kushoto, ukazungusha unywele, ukauvuta. Ukakatika.

Kumbe mbuzi ni yeye mwenyewe.

Kimya akaushusha ule mkono taratibu. "Dada, nipe hayo makaratasi. Ukikwama, mkono wako unakimbilia kichwani. Basi tuyaweke majibu huko huko."

"Loo!" Shangazi akaacha kazi yake. "Leo bubu kasema!"

Kimya aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua; mtihani wa kumaliza aliusikia kwa wenzake tu. Alisoma kwa kidole, polepole, lakini alisoma. Akayabandika makaratasi kwenye kioo, akaanza. Mstari wa kwanza, mwembamba kwa kuzionea huruma zile nywele fupi: 1492, Kolumbasi anafika Amerika. Wa pili, mnene: 1776, Wamarekani wanajitangazia uhuru. Wa tatu akaukaza.

"Aii! Unanichuna!"

"Wafaransa wanamwasi mfalme wao, dada, wewe unalilia nywele? Mwaka gani?"

"Elfu moja mia saba themanini na tisa! Niachie!"

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi. Hivyo hivyo hadi mstari wa saba, juu ya sikio la kulia, Vita Kuu ya Pili ilipokwisha. Kila mstari ulikuwa na unene wake, kidole kiutambue bila kioo.

Wiki tatu baadaye mwanachuo alirudi kufumuliwa, akicheka kabla hajavuka kizingiti.

"Nimefaulu! Msimamizi alidhani nina chawa, nilivyokuwa nashikashika kichwa!"

Shangazi akamkumbatia, akamwita mwalimu. Kimya akamkalisha kitini, akashika mkasi, akaufikisha kwenye ncha ya mstari wa kwanza. Mkono ukasita. Kwa wiki tatu, akifagia, akiosha vitana, ameirudia mistari yote saba mdomo umefungwa. Akishaifumua, nani atajua kwamba na yeye alikuwa nayo kichwani? Tangu aache shule, swali aliloulizwa na wateja ni moja tu: bado muda gani?

Akauweka mkasi mezani.

"Dada," akasema, akikitazama kisogo cha mwanachuo, "kabla sijafumua, niulize na mimi."