Shika Kitufe Ndipo Uzime

Chumba cha pasi kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta. Humo ndimo mpiga pasi huyu alimoshinda miaka tisa akinyoosha mashuka ya hoteli, na wenzake walikuwa wameshamzoea: mtu wa maneno machache, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Tangu kaka yake afariki, miezi kumi na mmoja sasa, hata yale maneno machache yalipungua. Akiulizwa hali, alijibu "nipo," na kweli alikuwepo, basi tu.

Saa ya chakula alikula amesimama, simu kaiegemeza kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia. Video alizotazama zilikuwa za aina moja: watu wazima wakionyesha gemu za zamani na vituko vyake. Gemu yenye mlango usiokwenda popote. Gemu yenye adui aliyesahauliwa na watengenezaji, anazunguka peke yake nyuma ya ukuta mpaka leo. Yeye hakuwa mpenzi wa mambo hayo. Mpenzi alikuwa kaka yake. Alichokuwa akitafuta ni mlio wa kuanzia tu, ule wa sauti tatu zinazopanda, uliokuwa ukisikika sebuleni kwao kabla mama hajaanza kugomba.

Aliyemfuatilia zaidi ni fundi televisheni mstaafu aliyejiita Mzee Vumbi. Kazi yake ilikuwa kuzungukia wauza vyuma chakavu, kununua kaseti za gemu zilizotupwa, kuzipuliza mbele ya kamera na kuzijaribu. Siku hiyo alikuwa mubashara kutoka kiduka chake cha kaseti.

"Leo nimeokota dhahabu, wanangu," alisema, akiinua kaseti ya njano. "Ila tazameni hii kona ilivyoungua. Sijui mwenyewe alikuwa anacheza au anakaanga!"

Kijiko kikaishia njiani.

Kona ile aliiunguza yeye. Alikuwa na miaka kumi, kaka kamnyima zamu, akaibandika kaseti kwenye pasi ya mama kwa hasira. Mama alipouliza, kaka alijitwika kosa, akachapwa badala yake.

Na sanduku la kaseti za kaka, dada mtu ndiye aliyelitoa. Wiki ya tatu baada ya mazishi, mnunuzi wa vyuma chakavu alipita mlangoni akauliza mna nini humo. "Makorokoro tu," akamjibu, maana alikuwa amechoka kulikwepa kila akipita. Jioni alitoka kumtafuta yule mtu mitaa mitatu. Hakumwona, wala hakumwambia yeyote.

Simuni sauti tatu zikapanda. Kioo cha televisheni ya Mzee Vumbi kikaonyesha majina ya waliowahi kucheza: MDOGO, na juu yake, KAMAND. Kaka alijiita Kamanda, lakini gemu ilikubali herufi sita tu.

"KAMAND!" Mzee Vumbi akacheka. "Huyu naye herufi zilimwishia njiani. Lakini kacheza huyu! Kafika mlango wa mwisho kabisa. Haya, tumeiona, sasa nizime niwaonyeshe nyingine."

"Usizime hivyo!" akaipigia kelele simu.

Mama Sabuni, mfuaji wa chumba cha pili, akachungulia mikono ikichuruzika povu. "Unagombana na nani humo, mwenzangu?"

Kaseti zile zilitunza majina kwa betri ndogo iliyofichwa ndani. Ukizima ghafla, umeme unaruka na kumbukumbu zote zinaweza kufutika. Ilibidi kwanza ushike kitufe cha kuanza upya, ukikandamize, ndipo uzime kwa mkono wa pili. Kaka alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote duniani. "Shika kitufe ndipo uzime, wewe! Utanifuta!" Mara ngapi alimwambia.

Akaandika, vidole vyenye unyevu vikiteleza: *Shika kitufe cha kuanza upya kabla hujazima.*

Maoni ya watu yalikuwa yakipita kama maji. Lake likazama. Akaliandika tena. Na tena.

"Kuna mtu ananisisitizia nishike kitufe," Mzee Vumbi akasema, mkono tayari kwenye swichi. "Haya mambo ya utotoni haya. Tuliambiwa pia tupulize kaseti, tukazijaza mate bure. Mimi fundi wa miaka arobaini, dada yangu."

Wengine wakaandika vicheko.

"Anataka kumfuta," akamwambia Mama Sabuni.

"Kumfuta nani?"

"Kaka."

Mama Sabuni akatazama simu, akamtazama yeye, akajifuta mikono kwenye shuka safi bila kujali. "Sasa unamwandikia habari za vitufe za nini? Mwambie ukweli, bibi wewe! Huyo ni mtu, ana masikio."

Ukweli hakuwahi kuutamka popote, hata kwa mama. Akaandika pole pole: *KAMAND ni kaka yangu. Amefariki. MDOGO ni mimi. Kona niliiunguza mimi kwa pasi. Sanduku nililitoa mimi, sikujua ninatoa nini. Tafadhali shika kitufe.*

Mzee Vumbi alisoma, midomo ikicheza. Mkono ukatoka kwenye swichi. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Pole, mwanangu," akasema, na sauti ya mzaha haikuwepo tena. "Pole sana. Kitufe kipi? Hiki cha kulia?"

*Hicho. Kandamiza. Usiachie mpaka taa izime.*

Akainama. Kidole kinene cha fundi kikakandamiza, mkono wa pili ukazima. Taa nyekundu ikafifia, ikafa. Alibaki ameshikilia kwa muda, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Niwashe tuone kama yupo?"

Watazamaji wote walitaka. Washa, washa, waliandika, mstari juu ya mstari.

Yeye akaandika: *Usiwashe.*

"Basi siwashi. Ninyi huko, kelele!" Akaichomoa kaseti, akaitia kwenye bahasha. "Betri yake ni kuukuu, sikufichi. Njoo uichukue siku yoyote, duka langu mnalijua. Juu niandike nani?"

*Mdogo.*

Akaandika kwa kalamu nene, akaionyesha bahasha kwenye kamera, kisha akaendelea na kaseti nyingine, ingawa hakupuliza tena vumbi.

Mama Sabuni alikuwa bado mlangoni. "Sasa mbona umekataa awashe? Ungemwona."

"Na kama asingekuwepo?"

Mama Sabuni akaegemea mlango.

"Amezima vizuri," akamwambia. "Kaka angeridhika. Ijumaa sina zamu, nitaifuata. Leo nimechoka, dada, niache niamini."

Akafunika chakula kilichobaki. Shuka lililofuata lilikuwa na alama ya mkono wenye povu katikati. Akalinyunyizia maji, akalinyoosha taratibu.